Migomba ya baba, kahawa ya baba, na hisa zangu

Wiki iliyopita mama mmoja mteja wangu, anauza vitenge kule Mbuyuni, alikuja kuchukua sare za wajukuu zake akanikuta nimeshika simu naangalia bei za hisa. Akaniuliza, "Mama Neema, hivyo vitu si ndo vinafilisi watu?" Nikamjibu juu juu tu manake kulikuwa na watu wanasubiri kupimwa, akalipa akaondoka, lakini swali limenikaa kichwani wiki nzima na nimeona bora niliandike jibu lote, kwa sababu ni kweli nilishaumia na ni kweli naendelea kununua.

Mi nina miaka 47. Ni fundi cherehani, nina fremu ya duka hapa Moshi mjini na vyerehani vinne, nashona sare za shule na pia natengeneza mahema na begi za kulalia za kampuni zinazopandisha wageni mlimani, zipu zikikatika, kitambaa kikichanika, wananiletea. Sina mwajiri. Hamna mtu anayenikata asilimia 10 kila mwezi akaongeza 10 yake akanipelekea NSSF, nikizeeka macho yakagoma kutunga uzi kwenye sindano, nitakula nilichoweka mwenyewe. Kwa hiyo hili jambo kwangu sio stori ya watu wenye suti, ni unga na dawa za presha za mwaka 2045.

Nilianza kununua hisa, yaani sehemu ndogo ndogo za umiliki wa kampuni, mwaka 2014. Kilichonivuta ni hesabu iliyokuwa midomoni mwa watu, kwamba benki ya NMB walipouza hisa kwa wananchi mwaka 2008 ilikuwa shilingi 600 moja, na benki ya CRDB mwaka 2009 ilikuwa 150, na waliochukua wakatulia walikuwa wanaonekana wajanja. Nikafungua akaunti kwa dalali wa soko la hisa, nikawa kila nikimaliza msimu wa sare, Januari na Julai, nachukua faida kidogo nanunua. Niliona nimejipanga vizuri sana. Nilikuwa najiambia biashara yangu ina miguu miwili, shule na utalii, mguu mmoja ukiumwa nasimamia mwingine, na hisa ndo uzee wangu. Benki nilikuwa naacha hela ya mwezi mmoja tu, hela ikikaa bure niliona kama naipoteza.

Afu ikaja Machi 2020. Mgonjwa wa kwanza wa korona nchini alitangazwa tarehe 16 na alikuwa hapo jirani Arusha, kesho yake tarehe 17 shule zikafungwa. Ndege za nje zikaja kusimamishwa mwezi Aprili, wageni wakaisha, waongozaji na wapagazi wakarudi vijijini kwao. Miguu yangu yote miwili ilivunjika ndani ya mwezi mmoja. Kuna hema moja la njano lililetwa wiki ileile zipu imeng'oka upande mmoja, nikalitengeneza nikalikunja nikaliweka juu ya kabati, mwenyewe hakuja kulichukua mpaka Oktoba. Kila asubuhi nikifungua fremu nalikuta pale pale linaniangalia.

Kodi ya fremu nilikuwa nalipa miezi sita kwa mkupuo na ilikuwa inaisha Mei. Mafundi wawili walikuwa wananitegemea. Mume wangu ni mwalimu, mshahara wake ulikuwa unaingia namshukuru Mungu, ila ule mshahara ulikuwa na mkopo tayari. Nikampigia dalali nikamwambia uza nusu ya hisa zangu. Akaniambia dada, kampuni hiyo wanunuzi hamna, tukitaka iende lazima tushushe bei. Oda ikakaa zaidi ya wiki mbili, ikatoka vipande vipande, leo mia mbili, keshokutwa hamsini, kila mara bei ya chini kuliko ya jana. Nilipojumlisha kwenye daftari nilikuwa nimepata kama theluthi mbili tu ya hela niliyoingiza kwenye hiyo nusu kwa miaka sita. Nililia kweli, na nililia usiku peke yangu manake ndo mi niliyemshawishi mume wangu kwamba hisa ni kitu cha maana. Kampuni yenyewe haikufa, iliendelea kuwalipa wanahisa gawio la faida na miaka miwili mbele bei ikawa juu ya pale niliponunulia, lakini nusu ya hisa zangu alikuwa nazo mtu mwingine.

Nilichukua muda mrefu kuelewa kosa lilikuwa wapi. Mwanzoni nililaumu soko. Kilichonifungua macho ni mdogo wangu wa kiume aliye Minnesota, Marekani. Yeye ana ile akiba ya uzeeni wanayoiita 401k, inakatwa kazini na imewekwa kwenye hisa za kampuni kubwa kubwa. Soko lao lilianguka vibaya kuliko letu, kile kipimo chao cha bei za kampuni kubwa 500 kinachoitwa S&P 500 kilishuka kwa theluthi moja hivi kati ya tarehe 19 Februari na 23 Machi 2020, mwezi mmoja tu. Nikampigia kumpa pole, akaniambia dada wala sijaangalia, mshahara wangu upo, mi nakatwa kama kawaida. Kufika Agosti soko lilikuwa limerudi pale lilipokuwa Februari, na zile alizonunua Machi na Aprili alizipata kwa bei ya kutupa. Sasa huyu si mwerevu kunizidi mimi, na wala hakuwa jasiri. Ye hakuhitaji ile hela mwezi ule, mi niliihitaji. Basi. Tofauti yetu yote ilikuwa hapo.

Na nikakumbuka kumbe hili jambo nilishaliona nyumbani kwetu Uru nikiwa mtoto.

Mwaka 1989 ule mkataba wa dunia uliokuwa unagawa viwango vya kuuza kahawa ulivunjika na bei ikaanguka. Sisi watoto hatukujua habari za mkataba, tulichojua ni kwamba baba anarudi kutoka chama cha msingi cha wakulima wa kahawa na bahasha nyembamba, malipo ya kwanza kidogo, ya pili yanachelewa, na viatu vya shule vikawa vinarithishwa mpaka kwa mtoto wa nne. Jirani yetu wa upande wa chini alikuwa na kihamba, yaani shamba la nyumbani, kizuri kuliko chetu lakini alikuwa ameshafyeka migomba mingi ili mibuni ipate nafasi, alikuwa mtu wa kahawa kwelikweli. Bei ilipoanguka hakuwa na cha kula. Mwaka wa tatu aling'oa mibuni akapanda nyanya, nakumbuka ile mizizi imelundikwa kando ya mfereji na watoto wake wanaikatakata iwe kuni. Kwetu baba hakung'oa. Hakuwa tajiri na hakuwa na siri yoyote, ila migomba yake ilikuwa imesimama juu ya mibuni kama zamani, tulikula ndizi, mama aliuza mikungu sokoni Kiboriloni na nyingine zikaenda kwenye mbege, pombe yetu ya ndizi, maisha yalikuwa magumu lakini hakuna siku kahawa iliombwa ilete chakula cha jioni. Mwaka 1994 baridi kali ikaunguza mibuni kule Brazil, bei ikapanda duniani kote, na baba alikuwa na cha kuvuna. Jirani alikuwa na nyanya. Ukipanda mche wa kahawa leo unasubiri miaka mitatu minne ndo uone mavuno ya maana, kwa hiyo hata kama angerudi siku ileile angekuwa amechelewa.

Nilimuuliza baba mwaka juzi, ulijuaje kwamba bei itarudi? Akasema, "Mwanangu, sikujua. Nilikuwa na ndizi."

Hili ndo nataka nilikazie manake watu wengi wanaofundisha mambo ya hisa wanaishia kusema vumilia, soko hurudi. Hurudi lini? Mwaka huohuo wa 1989 mwezi Desemba soko la hisa la Japani lilifika kileleni, likaanguka, na halikurudi pale mpaka Februari 2024. Miaka 34. Mtu aliyestaafu Tokyo mwaka 1990 na hela yake yote ikiwa mle ndani alizikwa akisubiri. Hata kahawa yenyewe baada ya ile nafuu ilianguka tena, miaka ya 2001 na 2002 ilikuwa hali mbaya sana na wengi hapa mlimani waliiacha moja kwa moja. Hapa kwetu CRDB waliuza hisa za nyongeza kwa wanahisa wao mwaka 2015 kwa 350 moja, mwaka 2019 zilikuwa zinauzwa sokoni chini ya ile 150 ya mwaka 2009, na kufika 2023 zilikuwa zimepita 400. Mtu yuleyule, hisa ileile, ukimuuliza 2019 atakwambia nimeibiwa, ukimuuliza 2023 atakwambia nimebarikiwa, na kilichoamua yupi anaumia ni mwaka aliohitaji hela. NMB nazo mwaka 2024 zilikuwa zimevuka 5,000, ila hiyo ni kwa aliyekaa nazo miaka 16.

Kwa hiyo sa hivi sianzi na swali la hisa gani itapanda. Naanza na swali hii hela nitaihitaji mwaka gani, na kwenye daftari langu kila shilingi ya akiba imeandikiwa mwaka wake.

Hela ya mwaka huu na mwakani, yaani kodi ya fremu, ada ya Neema, mishahara ya mafundi ya miezi sita, haigusi hisa kabisa. Iko kwenye mfuko wa Ukwasi wa UTT AMIS, ile taasisi ya serikali inayokusanya hela za watu na kuziwekeza kwa pamoja, unanunua vipande kwa simu na ukitaka kutoa unasubiri siku chache za kazi. Hiyo ndo migomba yangu. Haikui kwa kishindo na siitegemei ikue, kazi yake ni nisije nikampigia dalali tena nikiwa natetemeka. Nilijenga hii kwanza, ilinichukua karibu miaka miwili bila kununua hisa hata moja, na kuna wakati niliona soko linapanda nikatamani, nikajizuia.

Hela ya kuanzia miaka mitano hivi mbele naiweka kwenye hatifungani za serikali. Hapa nieleze kidogo manake mafundi wenzangu wengi wanadhani ni za mabenki tu. Ni unaikopesha serikali, Benki Kuu ndo inaendesha mnada, kuna za kuanzia miaka 2 mpaka 25, na milioni moja inatosha kuanza. Riba inalipwa kila miezi sita. Mfano mwaka 2022 ile ya miaka 25 ilitolewa kwa asilimia 12.56, maana yake milioni moja inakupa 125,600 kwa mwaka, 62,800 kila nusu mwaka, mpaka iive. Mwaka mmoja kabla, 2021, ya miaka 25 ilikuwa 15.95, na aliyeichukua wakati ule anaendelea kulipwa ile 15.95 yake hata baada ya mpya kushuka. Ila usije ukadhani haiyumbi, ukitaka kuiuza kabla haijaiva unaiuza sokoni, na kama wakati huo serikali inatoa mpya zenye riba kubwa zaidi, yako ya riba ndogo mtu atainunua kwa bei pungufu. Ukiikalia mpaka mwisho hilo halikuhusu. Kwa asiye na milioni kuna mfuko wa Hatifungani hukohuko UTT, wanakusanya vihela vya watu wengi wananunua kwa pamoja.

Hisa ni hela ya zaidi ya miaka kumi mbele tu. Nanunua kila msimu kiasi kilekile, bei iwe juu iwe chini, manake nimekubali kwamba sijui kesho itakuwaje na dalali pia hajui. Na soko letu la Dar ni dogo, lilianza biashara mwaka 1998 na kampuni zilizoorodheshwa hazifiki hata 40, kuna kampuni zinapita siku nyingi hisa haijabadilisha mkono. Bei unayoiona kwenye simu sio lazima ndo bei utakayoipata siku ukiwa na shida, hilo nililipia. Nikifika miaka 55 nimepanga kila mwaka niuze sehemu ndogo ya hisa, mwaka wa bei nzuri niuze zaidi, mwaka mbaya nisiuze kabisa, naihamishia kwenye hatifungani ili nikifika 65 ile hela ya kula isiwe inategemea nani ameamka vibaya sokoni.

Ngoja niweke na hesabu moja kwa anayesema hela yangu ni ndogo. Ukiweka 50,000 kila mwezi kwa miaka 18, umeweka milioni 10.8 za mfukoni. Zikizaa asilimia 10 kwa mwaka na riba nayo isiguswe, mwisho zinakaribia milioni 30. Ukichelewa miaka 10 ukaweka hiyohiyo 50,000 kwa miaka 8 iliyobaki unapata kama milioni 7.3. Lakini bei za vitu nazo zinapanda, zikipanda asilimia 4 tu kila mwaka, zile milioni 30 za miaka 18 ijayo zitanunua vitu vya milioni 15 za leo. Hapo ndo ninapowaambia wenzangu wa kibubu na wa mchezo, ule wa kupeana hela kwa zamu, kwamba kutokuwekeza nako sio salama. Mwishoni mwa 2011 mfumuko wa bei hapa nchini ulifika karibu asilimia 20, aliyekuwa na laki tano chini ya godoro mwaka mzima aliikuta ipo yote, ila vitu inavyoweza kununua vimepungua kwa karibu sehemu moja kati ya sita. Mchezo naupenda na bado nacheza, unanisaidia kununua vitambaa kwa jumla, lakini sio uzee.

Na wale wa magrupu ya WhatsApp wanaosema weka laki wiki ijayo uchukue mbili, mi siwajadili. Anayeuza uwekezaji halali nchini ana leseni ya Mamlaka ya Masoko ya Mitaji na Dhamana, muulize leseni, akianza kukwambia habari za fursa kuisha kesho, ondoka.

Kuna kitu kimoja kimenichanganya kwa upande wa pili. Zamani nilidhani mimi ndo niko kwenye kuyumba na mume wangu aliyeajiriwa ametulia. Mwaka 2018 mifuko ya pensheni ikaunganishwa, watumishi wa umma wakapelekwa PSSSF, kikatoka kikokotoo kipya cha mkupuo, yaani ile sehemu ya mafao unayopewa yote kwa pamoja ukistaafu, wa asilimia 25, yeye alikuwa kwenye mfuko uliokuwa unatoa 50, nyumbani hapakulalika. Desemba mwaka huohuo Rais Magufuli akakisitisha. Julai 2022 kikaja cha asilimia 33, na mwaka 2024 kundi lake likapandishwa mpaka 40. Mkupuo mdogo maana yake pensheni ya mwezi inakuwa kubwa zaidi, na mi kwa kweli naona pensheni ya kila mwezi ndo kitu chenye thamani kuliko ambavyo watu wanaipa heshima, haianguki na soko na inalipwa mpaka mtu anapofariki. Ila mtu aliyepanga nyumba yake kwa asilimia 50 akakuta ni 25 kisha 33 kisha 40, naye ameyumba, hata kama hajawahi kununua hisa moja. Ndo maana na mimi nachangia NSSF kwa hiari kila mwezi, kidogo, ili niwe na walau mgomba mmoja ambao haukuota kwenye fremu yangu.

Mume wangu anastaafu miaka mitatu ijayo, ana 57. Mkupuo wake tayari una mipango, anataka kujenga vyumba vya kupangisha Rau, vyumba sita vya wanafunzi na wafanyakazi wa hospitali. Mi sipingi nyumba. Ninachopinga ni hela zote ziingie kwenye msingi na bati, kwa sababu mwaka 2020 nilishaona wapangaji wa huku wanavyoondoka wote kwa mwezi mmoja, na chumba nacho hakiuziki nusu ukiwa na shida. Nimemwambia tujenge vitatu, hela nyingine iingie kwenye hatifungani, riba ya miezi sita imalizie vile vingine taratibu. Yeye anasema nikijenga taratibu nitakuwa na miaka 70 bado napandisha ukuta, na hapo ana hoja. Jumamosi tulienda Uru kumwona baba, nikategemea mzee atanisaidia kumwelewesha, baba akasikiliza wote wawili, akachukua panga akatukatia mkungu, akamwambia mkwe wake, "Mwalimu, wewe hesabu kwanza mtakula nini hiyo miaka ya kujenga." Jumapili hii baada ya ibada tunakaa tena na lile daftari.